Chokaa na Nili ya Don Nicanor

Pale Las Pencas, mji mdogo wa milimani huko Honduras, kanisa la Mtakatifu Lusia hupakwa chokaa kila mwaka kabla ya sikukuu yake ya Desemba, na hakuna mkono uliowahi kulipaka isipokuwa wa ukoo wa Matute. Babu alipaka, baba akapaka, na sasa kazi ilikuwa ya Don Nicanor Matute, mzee mwembamba mwenye kofia ya ukindu na viatu vilivyokuwa vimekauka chokaa hata vikisimama wima bila miguu ndani yake.

Kazi yenyewe haikuwa na siri kubwa. Mawe ya chokaa unayaloweka pipani, yanachemka yenyewe bila moto, yakitulia unatia chumvi ili ishike ukutani. Mwisho unatia nili, ile buluu ya kutilia nguo nyeupe wakati wa kufua, kiasi cha kushikwa na ncha za vidole. Bila nili chokaa hukauka na umanjano kama meno ya mvuta tumbaku. Kipimo hakuna. Unatia, unakoroga, unatazama. Ukiuona weupe umekuja, unaacha. Jicho ndilo kipimo.

Na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Mwaka mmoja Don Nicanor alitia nili, akakoroga, akatazama, umanjano upo palepale. Akaongeza, haukuondoka. Akaenda dukani kugomba.

"Nili yenu mnachanganya na majivu!" alimwambia mwenye duka. "Enzi za baba yangu, kidole kimoja tu pipa lote jeupe. Sasa nimetia mkono mzima!"

Mwaka uliofuata alitia mikono miwili. Uliofuata, bakuli. Na kanisa la Mtakatifu Lusia likaenda likikolea, kwanza kama mbingu ya asubuhi, kisha kama shuka jipya la hospitali, mpaka likafika kwenye buluu ya chupa ya dawa ya tumbo, buluu ya kumfanya mgeni ashuke kwenye basi na kuuliza kama hii ni klabu ya densi. Don Nicanor akisimama uwanjani, mikono kiunoni, akiona kanisa jeupe pee, akitabasamu.

Mtu atauliza, kwa nini hakuna aliyemwambia? Huyo hajawahi kukaa Las Pencas. Pale, ukimwona mtu mzima anafanya jambo la ajabu mbele ya watu, unajua ana nadhiri. Doña Eduviges aliwahi kwenda sokoni bila viatu mwaka mzima. Mchinja nguruwe alinyoa nyusi. Hakuna aliyeuliza, maana nadhiri ni ya mtu na mtakatifu wake, na ukiiuliza unaiharibu. Kwa hiyo watu walipoona kanisa limegeuka buluu, walipunguza sauti wakasema, "Nicanor ana nadhiri." Nzito, inaonekana, maana kila mwaka inakolea. Na kwa kuwa walimpenda, hawakutaka abaki peke yake. Jirani mmoja akatia nili kwenye chokaa ya nyumba yake, kisha wa pili, kisha duka la mikate. Mwishowe uwanja mzima ulikuwa wa buluu, na katikati alipita Don Nicanor akisema, "Mji wetu siku hizi msafi! Kila mtu kapaka nyeupe!" Nao wakimwitikia, "Ndiyo, Don Nicanor," macho chini kwa heshima.

Hata mkewe, Doña Hermelinda, hakusema neno. Yeye alinuna kimyakimya. Aliona uchungu kwamba mume wake ana nadhiri kubwa namna ile na hajamnong'oneza hata kitandani.

Kisha akaja Padri Ovidio. Padri kijana, mpya, kutoka mji mkuu, mwenye haraka ya kutengeneza mambo. Mwezi wa Oktoba alimwita Don Nicanor uwanjani.

"Don Nicanor, mwaka huu naomba kanisa liwe jeupe."

"Litakuwa jeupe, Padri."

"Nasema jeupe kabisa."

"Kwani mimi hupaka rangi gani?"

Padri akautazama ukuta, akamtazama mzee, akautazama tena ukuta. Akadhani anachezewa.

"Basi tufanye hivi," akasema, masikio yamemwiva. "Nipakie sakristia kwanza, kile chumba cha nyuma ninapovalia. Kikiwa cheupe, kanisa ni lako. Kikiwa na rangi nyingine yoyote, nitaleta mafundi wa mjini na rangi zao za makopo."

Don Nicanor alirudi nyumbani anafoka. "Makopo!" alimwambia Hermelinda. "Kanisa la babu yangu lipakwe kwa makopo! Ati nipake jeupe! Yule padri haoni."

"Huenda asiyeona ni mwingine," Hermelinda akasema, anageuza mkate wa mahindi kwenye kikaango.

"Nani?"

"Jana ulimsalimia ng'ombe wa Don Cupertino. Ukamuuliza watoto hawajambo."

"Alikuwa amesimama kama Cupertino!"

Kwa kweli alijua macho yake hayako sawa. Aliyaosha kwa maji ya maua ya chamomile, akatia asali, akalia machozi ya asali siku nzima na nyuki wakamfuata. Kwenye gulio alijaribu miwani yote ya mchuuzi, moja baada ya nyingine, akachagua ile iliyomfanya mchuuzi aonekane kijana mtanashati. Nyumbani haikumsaidia kitu. Lakini kwa daktari hakutaka hata kusikia, na sababu yake ilikuwa pale pale kanisani, juu ya madhabahu. Mtakatifu Lusia, mwombezi wa wenye macho mabovu, amesimama na sahani mkononi, na kwenye sahani kuna macho mawili yanayotazama watu. Tangu utotoni Don Nicanor aliamini kwamba daktari wa macho anaanza kwa kuyatoa na kuyaweka hivyo.

Basi wiki ile ile gari la madaktari wa macho likaja, likaegesha shuleni, na Hermelinda akamshika mume wake mkono hakumwachia mpaka kwenye foleni.

Foleni ilikuwa sherehe. Watu walileta viti vyao, nakatamali za moto, za unga wa mahindi na nyama, zikapita zimefungwa kwenye majani ya mgomba, na kila mtu akajisifia ugonjwa wake. Doña Eduviges alikuwa na kinyama cheupe kilichotambaa kutoka pembeni ya jicho kuelekea kwenye mboni. "Jua na vumbi hilo," aliambiwa. "Kofia pana, miwani ya jua, na usikisugue. Kikifika katikati ndipo tutakitoa." Don Cupertino, mtunza kanisa na kompadre wa Don Nicanor, maana ndiye aliyemsimamia binti yake kwenye ubatizo, alikuwa na presha ya macho. Hakuwa na maumivu wala wekundu, na angeweza kupofuka bila kujua. Akapewa matone ya kutia kila siku maisha yake yote, akatoka anayapeperusha juu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Mlango ulikuwa wazi, na aliyepima alikuwa msichana mmoja mchangamfu anayeitwa Yadira. Alikuwa na bango la herufi. Kila aliyeingia alizisoma kwa sauti, na Don Nicanor, aliyekaa karibu na mlango, alizisikia mpaka zikamkaa kichwani kama sala ya jioni. Zamu yake ilipofika alikaa, akafunika jicho moja, akamimina herufi zote toka juu hadi chini bila kupumua.

Yadira akapiga makofi. "Safi sana, babu. Hata ule mstari wa mwisho ambao mimi mwenyewe husoma kwa shida."

"Sisi akina Matute macho yetu ni ya tai."

"Naona. Ila bango nimelitoa kwenda kulifuta vumbi. Hapo unatazama ukuta."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Doña Eduviges alimwaga kahawa yake mapajani.

"Sawa," Don Nicanor akasema, amekunja uso. "Ukuta naujua. Nimeupaka mwenyewe."

"Vizuri. Ni wa rangi gani?"

"Mweupe! Swali gani hilo?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Yadira akawatazama watu mlangoni, watu wakatazama miguu yao.

"Kompadre," Don Nicanor akaita. "Cupertino! Mwambie binti huyu."

"Kompadre," Don Cupertino akasema, anazungusha kofia mikononi, "mimi siwezi kutia neno kwenye nadhiri yako."

"Nadhiri gani?"

"Ile ya buluu."

"Buluu gani?"

"Nicanor!" Hermelinda akapiga kelele, akainuka hata kiti kikaanguka. "Unataka kuniambia huna nadhiri? Miaka yote hii nalala na uchungu wangu, kumbe huna nadhiri?"

"Sina nadhiri yoyote! Nani kasema nina nadhiri?"

"Kanisa ni la buluu, Nicanor! Shule buluu! Nyumba yetu buluu! Banda la kuku buluu!"

Nani alianza kucheka haijulikani, ila kicheko kilitoka chumbani kikaenda foleni nzima, kikatoka nje ya lango. Mchinja nguruwe alijilaza kwenye majani. Don Nicanor peke yake alikaa wima kitini, amefumba mdomo, mpaka Yadira alipofuta machozi akamwinua kidevu na kummulika kwa tochi.

"Ni mtoto wa jicho, babu. Yote mawili, na wamekomaa, wamekuwa rangi ya kahawa. Ndani ya jicho kuna lenzi. Ya kwako imechafuka kama kioo cha taa kilichoshika moshi, na moshi huo unameza buluu. Unaitia, wewe huioni, unaongeza."

"Nipe miwani basi."

"Miwani itasaidia nini kama kioo cha ndani ndicho kichafu? Mimi kazi yangu kupima. Anayesafisha ni Daktari Ileana, hospitali ya mkoa. Anafungua kitundu kidogo, anainyonya ile chafu, anaweka mpya. Jicho moja kwanza, la pili baadaye."

Don Nicanor akalifunika jicho kwa kiganja. "Na jicho lenyewe, wakati huo, analiweka kwenye sahani?"

"Linabaki hapo hapo lilipo, babu. Sahani ni ya nakatamali."

Pengine asingekwenda. Lakini alifikiria sakristia, alifikiria makopo, na akajua kwamba kwa macho haya ataitia buluu na kuapa ni nyeupe. Akapanda gari.

Daktari Ileana alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu anayembembeleza farasi. Jicho la kulia likatiwa dawa ya ganzi, uso ukafunikwa kitambaa, kikaachwa kitundu tu. Don Nicanor hakusikia maumivu. Aliona mianga mitatu ikiogelea kama samaki ndani ya maziwa, akaikumbuka ile sahani ya macho, na papo hapo, kwa sauti iliyosikika chumba kizima, akaweka nadhiri ya kwanza ya maisha yake.

"Mtakatifu Lusia, mama, ukinirudishia jicho hili nitakupakia nyumba yako vilevile kama nilivyoipaka miaka hii yote, bila kubadili, mpaka nife!"

"Don Nicanor, usiseme," daktari akamwambia. "Kidevu chako kinatikisa kazi yangu."

"Amina," akamalizia, kwa midomo iliyofumbwa.

Kesho yake wakamtoa bandeji. Kitu cha kwanza alichokiona ni vazi la muuguzi, na lilikuwa buluu, buluu ambayo alikuwa ameisahau kama mtu anavyosahau jina la rafiki wa utotoni. Akalishika. "Hii!" akasema. "Hii hapa!" Dirishani mbingu ilikuwa buluu kupita kiasi. Ndoo, buluu. Mshipa kwenye mkono wake mwenyewe, buluu. Akafumba jicho jipya akatazama kwa lile la zamani: dunia nzima kama imelowekwa kwenye chai. Akafumbua: buluu. Chai, buluu, chai, buluu, mpaka muuguzi akamwomba atulie.

Hermelinda akaingia. Don Nicanor akamkodolea.

"Mke wangu! Umezeeka!"

"Kuna kioo kule," Hermelinda akamjibu. "Nenda ukamsalimie yule mzee aliyemo."

Akaenda. Akarudi pole pole. "Tunafanana umri," akakubali, na wakacheka wote wawili wameshikana mabega, huku Hermelinda akimzuia asiiname, maana daktari alikuwa ameagiza: asiiname, asinyanyue mzigo, asilisugue, atie matone kama alivyoonyeshwa. Na chokaa marufuku mpaka atakaporuhusiwa. "Chokaa ikiingia jichoni inaunguza kama kaa la moto," alisema Daktari Ileana, "na hilo sitaweza kulishona."

Basi lilipowashusha uwanjani Las Pencas, Don Nicanor alishuka, akainua uso, akaliona kanisa lake.

Alisimama muda mrefu. Kisha akageuka taratibu, akaona duka la mikate, nyumba ya Doña Eduviges, kinyozi, banda la polisi. Buluu kote, buluu ya kelele, kila nyumba na buluu yake.

"Na hawa?" akauliza. "Hawa wote nao macho mabovu?"

"Walikuwa wanakusindikiza," Hermelinda akasema.

Don Nicanor akaketi kwenye kiti cha zege. Jicho jipya likatoa machozi, na Hermelinda akaharakisha kumtia tone kabla hajaanza kulisugua.

Sakristia ilipakwa wiki ile ile. Don Cupertino alishika brashi, Don Nicanor akakaa kwenye kiti ng'ambo ya mlango, mbali na vumbi, miwani myeusi usoni, akitoa amri.

"Nili! Hapana, hiyo nyingi! Unataka kunifukuzisha kazi? Ncha ya kidole, kompadre, ncha! Koroga. Nionyeshe. Basi!"

Chumba kilikauka cheupe hata Padri Ovidio, alipofungua mlango, alifumba macho. Akatoka amefungua mikono. "Don Nicanor, sijaona weupe kama huu! Kanisa ni lako. Anza kesho!"

Don Nicanor akatabasamu, akafungua mdomo ashukuru, na hapo hapo rangi ikamtoka usoni.

"Padri," akasema. "Siwezi kulipaka jeupe."

"Si umeweza sasa hivi?"

"Niliweka nadhiri pale mezani, kisu kikiwa jichoni. Nilimwahidi Mtakatifu nitaipaka nyumba yake vilevile kama nilivyoipaka miaka yote. Nilidhani ninaipaka nyeupe, Padri. Kumbe vilevile ni ile," na akanyoosha kidole kwenye ukuta wa nje, ule wa buluu.

Padri akashika kichwa. "Lakini wewe ulikusudia nyeupe!"

"Nilikusudia nyeupe, nikasema vilevile. Daktari shahidi. Kidevu changu kilimtikisa."

"Sikiliza, mimi ni padri, naweza kukufungua nadhiri hiyo. Hebu niambie hasa ulisemaje..."

"Padri!" ilikuwa sauti ya Doña Eduviges. Alikuwa amesimama mlangoni kwake na brashi mkononi, na nyuma yake mchinja nguruwe, na kinyozi, na watu wa duka la mikate, wote na ndoo zao, wote wakijifanya wanatazama mawingu. "Padri, nadhiri haiulizwi!"

"Haiulizwi," ndoo zote zikaitikia.

Padri Ovidio akawatazama. Akazitazama nyumba zao. Akamtazama mzee kitini, ambaye jicho lake jipya lilikuwa linameta juu ya miwani iliyoteleza kama la mtoto siku ya Krismasi. Mabega ya padri yakaanza kutikisika, na kicheko alichokuwa amekizuia tangu Oktoba kikamtoka chote.

"Basi," akasema alipopata pumzi. "Vilevile. Lakini isizidi ya mwaka jana hata chembe! Fundi ni wewe."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa kazi. Pipa likachemka, likatulia, Don Cupertino akaanza kutia nili, na Don Nicanor hata kabla ya bakuli kujaa alikuwa amepiga yowe. Jicho jipya halikukubali. Kila tone la buluu liliona ni matusi.

"Inatosha! Inatosha!"

"Haijafika hata robo, kompadre. Hii ni ya mwaka ule Eduviges alivua viatu."

"Siwezi kutazama!"

"Basi usiitazame kwa hilo," Hermelinda akasema, akamfunika jicho la kulia kwa kiganja chake.

Don Nicanor akabaki na la kushoto, la zamani, lile la chai. Akatulia. "Ongeza," akasema. "Ongeza. Bado ina umanjano. Ongeza tena. Koroga. Ahaa! Hapo hapo! Sasa ni nyeupe!"

Na ilikuwa buluu ile ile, buluu ya chupa ya dawa ya tumbo, haikupungua wala haikuzidi.

Siku ya sikukuu walimtoa Mtakatifu Lusia mabegani, amevaa joho jipya, sahani mkononi, na macho yake mawili yakalitazama kanisa bila kushangaa. Fataki zikalia, bendi ikakosea wimbo ikaanza upya, vipande vya mkate vilivyokaangwa na kuchovywa asali vikapita kwenye masinia. Jicho la pili la Don Nicanor lilikuwa limepangiwa kufanyiwa kazi baada ya mwaka mpya, na Hermelinda tayari alikuwa amepima kwenye kibuyu nili ya kutosha pipa moja la buluu ile ile, akakitia alama ilipofika, iwe kipimo cha miaka ijayo, jicho la chai litakapokuwa halipo. Mumewe alisimama mbele ya kanisa, akifumba jicho hili na kufumbua lile, hili na lile, anacheka peke yake.

Padri Ovidio akapita kando yake na chetezo. "Una nini, Don Nicanor?"

"Nakuhurumia, Padri. Ulitaka jeupe," mzee akasema, akalifunika jicho lake la kulia, akalitazama kanisa kwa furaha kubwa. "Ungekuwa na la kushoto kama langu, ungelipata. Jeupe pee!"